Profesa Odyek, Wimbi Lake na Ukubwa wa Sanduku

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Profesa Ongom Odyek anastaafu baada ya kufundisha fizikia katika idara yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Ukurasa huu wa jarida letu hutaja jambo kuu alilolithibitisha kila mstaafu. Hadi mwezi uliopita, kila mmoja wetu angeweza kulitaja. Sasa hatujui tuandike nini, na mwenyewe ameagiza tuandike hivyo hivyo.

Alilelewa katika nyumba za askari hapa Kampala, mtoto wa sajini aliyetoka Lango, kaskazini mwa Uganda, na sauti ya baba yake ameirithi bila kupunguza. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza husimama wima anapoingia darasani, kisha huona haya, kwa kuwa hakuna aliyewaamuru. Chakula chake cha mchana ni rolex ya Wandegeya, chapati iliyoviringishiwa mayai; huila huku akiandika ubaoni, na ubao wetu una alama za mafuta zilizomshinda kila mfagizi.

Jina lake lilijengwa na solitoni, yaani wimbi moja linalosafiri bila kutawanyika wala kupoteza umbo. Alilichunguza katika gesi iliyopozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi, baridi isiyo na zaidi, ambamo atomi, mithili ya sumaku ndogo, huvutana hata zikiwa mbali. Wengi walitarajia wimbi la namna hiyo lijiporomokee. Hesabu ya Odyek ilionyesha kwamba mvuto wa mbali hulituliza, na hesabu hiyo imefundishwa hapa tangu wakati huo.

Mwaka huu Julienne, mwanafunzi wake wa uzamivu aliyetoka Bukavu, aliirudia hesabu hiyo. Kompyuta haiwezi kubeba nafasi isiyo na mwisho. Hukata sanduku, na mbinu aliyoitumia Odyek hulirudia sanduku hilo pande zote kama vigae vya sakafuni. Kompyuta ya enzi zile ilimudu sanduku dogo tu. Kwa hiyo inawezekana kwamba wimbi lake lilivutwa na nakala zake zilizo katika vigae vya jirani, na kwamba hizo ndizo zilizolishikilia. Julienne alimwendea akiwa na picha mkononi.

“Profesa, nimepanua sanduku, na wimbi inabomoka.”

Mkuu wa idara, Dakta Adoch, kwa nia njema, alimshauri Julienne aiweke kando sura ya tasnifu yenye matokeo hayo mpaka sherehe ya kumuaga profesa ipite. Bila sura hiyo, tasnifu haina jambo jipya. Odyek alipopata habari, alimwita binti huyo mbele yetu sote.

“Andika ile umeona,” alimwambia. “Kama imeanguka, ianguke na jina yangu. Wewe usiishike.”

Kisha akamtaka alipanue sanduku zaidi. Hapo ndipo tulipochanganyikiwa kabisa, kwani wimbi halikubomoka kama mara ya kwanza, wala halikutulia. Lilivimba na kunywea, likavimba tena, mpaka muda wa hesabu ukaisha. Je, ni imara, au linakufa polepole? Julienne hajui. Odyek anakiri kwamba naye hajui, na anakiri kwa uchangamfu unaotutia wasiwasi. Mwandishi wa ukurasa huu ameipitia hesabu yote na hakuona kosa linaloweza kumsaidia yeyote kati yao.

Tasnifu itatetewa Agosti, sura ile ikiwemo. Kwa kanuni, mstaafu hawezi kuwa msimamizi. Ameomba kiti miongoni mwa wasikilizaji na ruhusa ya kuuliza swali moja. Dakta Adoch alipomuuliza swali hilo litamtetea nani, Julienne au wimbi, alicheka na kuomba aongezewe chai.

Profesa, tunakushukuru kwa vizazi vya wanafunzi uliowafunza kutoogopa jibu baya. Palipostahili kuandikwa ugunduzi wako mkuu tumepaacha patupu. Atakayepajaza ni Julienne, na huenda asipajaze kama ungependa. Nenda upumzike, ule ukiwa umeketi, uwe na afya njema na siku nyingi za furaha. Kiti chako cha Agosti tumekiweka.