Wafu wa Nyumba ya Iturralde

Garazi alikaa nyuma ya jirani yake Bixenta na mgeni kutoka Uruguay ndani ya basi la bondeni, jibini mapajani, akijifanya anatazama mvua. Mgeni alikuwa akimwonyesha Bixenta pete yake. "Nembo ya ukoo wetu, mama. Simba. Mimi ni Nelson Iturralde."

"Simba katoka wapi milima hii?" akasema Bixenta. "Juu ya mlango wangu pamechongwa nguruwe mwitu. Nyumba ya Iturralde ndiyo ninayokaa mimi."

"Kumbe sisi ndugu?"

"Wala. Babu yangu aliinunua. Kwenye karatasi mimi ni Goñi, lakini huku mtu anaitwa kwa nyumba yake."

"Jina ni damu, mama. Babu wa babu yangu alizaliwa humo. Wewe umelikuta tu."

"Na yeye alilikuta, mwanangu. Nyumba ilimtangulia."

Mgeni akaizungusha pete kidoleni. "Na wazazi wa huyo babu walizikwa wapi?"

"Kanisani, chini ya sakafu, mahali pa nyumba hii; kila nyumba ina pake. Kila Jumapili nawawashia mshumaa." Alisema kama mtu anayeeleza kulisha kuku. "Mama aliwawashia, na bibi kabla yake. Huku ukinunua nyumba, umechukua na wafu wake."

Mgeni akavua kofia, mle mle ndani ya basi. Hata Garazi, aliyewasha mishumaa ya nyumba yao maisha yake yote bila kuwaza lolote, aliacha kujifanya anatazama mvua.

Basi likasimama. "Iturralde," dereva akaita. Mgeni aliinuka wa kwanza, kisha akasita, akampisha Bixenta atangulie.