Islande Dorvilus, Aliyefunga Bao kwa Jina la Dada Yake

Marehemu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 23 Novemba 2019, ni Islande Dorvilus. Ninyi mliotoka Port-au-Prince, mliopita katikati ya matairi ya waandamanaji yanayowaka ili mfike, najua mlipopewa karatasi hii mlitazamana. Mmoja wenu nimemsikia pale mlangoni akimuuliza mwenzake, "Hivi tumeingia msiba wa nani?" Hamjapotea. Ni yeye yule mliyemwita Rosemène, namba kumi na moja wenu. Mimi bintiye nitaeleza kwa utaratibu, kuanzia kuzaliwa.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1972 hapa Petit-Goâve, mtoto wa pili wa marehemu Mérilus Dorvilus, mpasua mbao, na Bibi Anacia, muuza mkaa. Wa kwanza alikuwa Rosemène, aliyezaliwa mwaka 1969 akafariki kwa homa mwaka mmoja kabla Islande hajaja. Rosemène aliacha cheti cha kuzaliwa. Islande hakuandikishwa. Cheti kilikuwepo tayari ndani ya kopo la biskuti, wazazi wakaona kinatosha. Nyumba nyingi za hapa zimefanya hivyo, na wengi mliokaa humu mnajua ninachosema. Bibi anasema mtoto huyu alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakutulia. Hata kula alikula akizunguka nyumba, kijiko mkononi, mama yake nyuma: "We mtoto, chakula kitakushukia miguuni!"

Alianza shule ya msingi ya masista mwaka 1979 kwa cheti cha dada yake. Nyumbani Islande, shuleni Rosemène. Alizoea, au tuseme alinyamaza. Kipindi cha kushona alikuwa akichungulia dirishani, wavulana wanacheza mpira. Siku moja Sista alichoka akamuuliza, "Rosemène, kiti chako kina misumari?" Akajibu, "Hapana, Sista, kiti ni kizima. Misumari ninayo mimi." Alihitimu darasa la sita mwaka 1985. Masomo yakaishia hapo, mpira ukaendelea.

Mwaka 1988 aliitwa timu ya taifa ya Haiti, kwa jina lililo kwenye cheti. Mwaka uliofuata Kombe la Wanawake la Visiwa lilichezwa Port-au-Prince. Wiki ya kwanza tu timu moja ilinyang'anywa pointi kwa sababu mchezaji wake alitumia karatasi za mtu mwingine. Nahodha, Bi Mirtha Saintil, ambaye yuko nasi hapa, peke yake ndiye aliyejua siri ya marehemu. Alimvuta pembeni akamwambia, "Rose, kuanzia leo Islande hayupo. Akikuita mtu yeyote kwa jina hilo, usigeuke. Hata awe Papa wa Roma."

Huku nyumbani Bibi Anacia alikuwa anapima mkaa aliposikia redio ya jirani inapiga kelele: "Rosemène Dorvilus! Bao! Rosemène!" Mtoto aliyemzika kwa mikono yake mwenyewe, nchi nzima inamwita. Aliacha mkaa kwenye kipimo na mteja amesimama. Jumapili tarehe 16 Julai 1989, siku ya fainali na Trinidad, alipanda lori la ndizi mpaka mjini, akajipenyeza nyuma ya goli.

Kipindi cha pili marehemu alikwenda kupiga kona. Mama yake alikuwa hatua kumi tu kutoka kwake.

"Islande! Islande, mwanangu, ni mimi!"

Aliuweka mpira chini, akaupiga. Hakugeuka. Bibi aliita tena na tena, mpaka watu wakamwambia, "Mama, huyo ni Rosemène, umemfananisha." Dakika ya themanini na moja marehemu alifunga bao, likawa ndilo pekee. Walipokuwa wanambeba mabegani, mama yake alikuwa ameshapanda lori kurudi.

Walipatana baadaye, ni mama na mwana. Lakini marehemu aliniambia kwamba tangu kona ile hakujua kupumzika ni nini. Na kweli tulimwona. Akimaliza kufagia anafagia tena.

Aliacha timu ya taifa mwaka 1993. Asubuhi alikaanga maandazi ya samaki akauza nje ya shule, jioni akafundisha wasichana mpira, miaka ishirini na minne bila malipo. Msichana mpya akija na cheti, marehemu hakukipokea. "Weka mfukoni hicho. Mama yako anakuitaje?" Jina hilo ndilo aliloliandika kwenye daftari lake.

Tarehe 29 Aprili 1995 alifunga ndoa na Bwana Ernso Bélizaire, mwashi. Padre aliposoma, "Unamkubali Rosemène awe mke wako?" Bwana Ernso akamwinamia bibi harusi: "Huyu baba ananiozesha nani?" Marehemu akamkanyaga mguu. "Sema ndiyo, we mwanamume, wali unapoa!" Walijaliwa watoto wawili, mimi Wideline na mdogo wangu Jeffley.

Machi 2018 aligundulika ana uvimbe tumboni. Mwaka huu, mwezi wa tisa, alilazwa moja kwa moja. Siku moja nikimnyonyesha mtoto pembeni ya kitanda chake aliniambia, "Wide, nisizikwe kwa jina lake. Rosemène ameshazikwa mara moja, inatosha."

Nilikwenda mahakamani mara tano kuomba aandikishwe kwa jina lake mwenyewe, mwanangu mgongoni, siku nyingine barabara zimefungwa nikarudi kwa miguu. Karani alisema, "Mwenye cheti hiki yuko hai, amelazwa. Sasa huyo mwingine unataka nimtoe wapi?" Hakimu alitaka shahidi asiye ndugu, aliyeyajua majina yote mawili. Nilimpigia Bi Mirtha.

"Wide, mwanangu, nikitia sahihi nimekiri," alisema. "Kombe lile si la mama yako peke yake. Tulikuwa kumi na wanane. Wanne wako udongoni. Nikawaambie nini?"

Lakini kukataa kwenye simu kulimsumbua. Jumanne tarehe 29 Oktoba alikuja kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, ili akatae uso kwa uso.

"Rose," aliita. Marehemu alikuwa ameelekea ukutani. "Rose, we! Nahodha wako nakuita." Akamgusa bega. "Unanifanyia hivi mimi, Rose? Na mgongo wangu huu kwenye pikipiki?"

Hakugeuka. Hakuwa amelala, niliona vidole vyake vinachezea shuka. Bi Mirtha aliketi. Alikaa mpaka supu niliyoleta ikapoa. Kisha akasema taratibu, "Haya. Islande. Geuka tunywe supu."

Akageuka.

Kesho yake asubuhi Bi Mirtha alitia sahihi. Hukumu ya kumpa jina lake ilitoka Ijumaa tarehe 8 Novemba. Marehemu alitaka asomewe, nikamsomea mara tatu, maana neno la sheria nami lilinipiga chenga. Aliikunja akaiweka kifuani ndani ya nguo. Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba, saa nne asubuhi, mama yake akiwa amemshika mkono na kumwita.

Ameacha mama, Bibi Anacia, mume, Bwana Ernso, watoto wawili, mjukuu mmoja wa miezi saba, wachezaji wenzake kumi na watatu, na wasichana wa jioni ambao hesabu yao siijui. Analazwa kaburi moja na dada yake. Bwana Ernso ameandika kwa mwiko wake majina mawili, kila moja na tarehe zake.

Kuhusu kombe: Bi Mirtha amekuja nalo, ndilo lile juu ya jeneza. Kama kuna kisiwa au ofisi itakayosikia habari hizi na kulitaka, wasimsumbue yeye. Waje kwetu, nyumba ya bati jekundu nyuma ya kanisa. Tutawapa kahawa na kombe tutawapa. Jina hatutoi.

Mungu ampe pumziko Islande Dorvilus.