Mama Chumvi wa Chumba Namba Tisa

Ndugu, majirani na wote mliofika kumsindikiza, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kusoma maisha ya marehemu, nanyi mtaniwia radhi pale sauti itakaponikwama.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966, katika zahanati ya kiwanda cha sukari, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne, baba akiwa fundi wa mitambo ya kuchemshia maji ya miwa, na mama akiwa mshonaji wa sare za wafanyakazi, na familia ikiishi katika kota za kiwanda, nyumba ya vyumba viwili yenye ukuta mmoja uliokuwa wa moto mchana kutwa kwa sababu ya bomba la mvuke lililopita nyuma yake.

Alianza shule ya msingi hapo hapo kiwandani Januari 1973 na kumaliza mwaka 1979, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1980 hadi 1983, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa maswali, maana hakuwa mtu wa kukubali jambo nusunusu.

Swali lililompa kazi ya maisha yake aliliuliza akiwa na miaka kumi na minane, mwezi Juni 1984, kando ya kitanda cha mama, ambaye shinikizo la damu lilikuwa limemsumbua kwa muda mrefu, na kila alipokwenda kutibiwa aliambiwa apunguze chumvi, basi, akarudishwa nyumbani. Siku hiyo daktari alilirudia neno lile lile, binti akauliza, "Apunguze mpaka wapi, daktari, na sisi nyumbani tunapika chungu kimoja?" lakini daktari alikuwa ameshafika kitanda cha pili, na wagonjwa walikuwa wengi. Mama alipata kiharusi tarehe 2 Septemba mwaka huo na hakuamka tena, na marehemu alibaki na swali lake mkononi kama mtu aliyebeba kikombe kisicho na pa kukiweka.

Alisoma chuo cha lishe kuanzia 1986 hadi 1988, na tarehe 3 Julai 1989 akaajiriwa kuwa afisa lishe katika hospitali kuu ya mji, akapewa chumba namba tisa, mwisho wa ukumbi, kilichokuwa stoo ya magongo ya kutembelea, chenye dirisha moja, mizani ya kusimama na benchi lililoyumba, mizani akaitengeneza mwenyewe kwa bisibisi, benchi likaendelea kuyumba mpaka leo.

Jina la Mama Chumvi alilipata mwaka 1990, alipoondoa vikopo vyote vya chumvi kwenye meza za chumba cha kulia cha wafanyakazi na kuvifungia kabatini, wenzake wakanuna wiki nzima, kisha wakacheka, jina likaganda, ikawa hata harusini watu wakimwona anaingia wanafunika chumvi kwa leso, naye anapita akijifanya hajaona.

Miaka ya mwanzo waliojaa kwenye benchi lake walikuwa watoto waliokonda, lakini kadiri miaka ilivyosonga wakaanza kuingia watu wazima wa miili mikubwa, wenye sukari na presha, wanaopanda ngazi tatu na kuomba kukaa, naye alikuwa akisema, "Zamani walikuja waliokosa chakula, siku hizi wanakuja waliokipata." Hakumkaripia mtu, alimwomba tu amsimulie kila kilichopita mdomoni tangu jana asubuhi, kama mtu anayesimulia safari, na dereva mmoja wa lori mwenye sukari, ambaye yuko nasi hapa leo, alimwambia kwa kiapo, "Mimi sili kitu, dada, nashinda na njaa," na baada ya kubembelezwa ikaonekana alikunywa soda sita, ila hakuzihesabu kwa sababu soda siyo chakula.

Dereva huyo alimsikiliza, akaacha soda, akapungua, akaja kumwonyesha mkanda wa suruali uliotobolewa tundu jipya, lakini baada ya miezi saba alirudi akiwa amekatwa mguu wa kulia chini ya goti, akaketi kwenye benchi na kusema bila hasira, "Dada, nilikuwa naondoka nyumbani Jumatatu narudi Ijumaa, na barabara nzima kinachouzwa ni kile kile, ulichoniandikia ningekipata wapi?" Marehemu aliporudi nyumbani aliwaambia watoto wake kwamba leo amefundishwa kazi.

Tangu hapo alianza kuandika barua kwa wakubwa, akiomba angalau duka la ndani ya hospitali liache kuuzia wagonjwa wa sukari keki na soda, na badala yake liuze maharage, matunda na maji, akaandika barua saba katika miaka mitano, ya saba ikajibiwa kwamba ya kwanza inashughulikiwa.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Desemba 1991 na shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, mkaanga chipsi wa getini kwa hospitali, na namna walivyokutana mnaijua wengi, kwamba alikwenda kumgombeza kwa mafuta yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi kama lami, akamuuliza mbele ya wateja, "Mafuta haya yana umri gani?" naye akajibu, "Mafuta bado madogo, dada, mwenye umri wa kuoa ni mimi." Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 8 Aprili 1993 na mvulana aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1996, na wote wawili wamesomeshwa na karai lile la chipsi, jambo ambalo mama yao hakulificha wala hakulifurahia.

Maana ukweli ni kwamba wagonjwa walikuwa wakitoka chumba namba tisa, karatasi yake ikichungulia mfukoni mwa shati, wanafika getini na kuagiza chipsi, na shemeji alikuwa akiziona karatasi zile zenye mwandiko wa mke wake. Mwaka 2009 alijaribu, akazima jiko la mafuta, akapanga viazi vya kuchemsha, maharage na mapapai yaliyokatwa, akavumilia miezi miwili, akarudi nyumbani siku moja na sufuria zimejaa, akasema, "Mke wangu, wateja wananiangalia kama wodi." Marehemu alitazama sufuria, akatazama watoto waliokuwa na mitihani, akamwambia, "Rudi kwenye mafuta yako," kisha akakaa barazani peke yake, na waliokuwepo wanasema hawajawahi kumwona amekaa vile, mikono imelegea mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Ugonjwa wake ulianza Januari 2022, alipoacha nyama, kisha mkate, kisha wali, akisema hana hamu, kumbe chakula kilikuwa kinamkwama, na tarehe 9 Mei vipimo vikaonyesha saratani ya koo la chakula, karatasi akaisoma mwenyewe kwa kuwa lugha yake aliijua. Alimuuliza daktari, waliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, "Nimekosea wapi? Nimekula vizuri maisha yangu yote," na daktari, tunamshukuru kwa kutomdanganya, akamjibu, "Sijui, Mama Chumvi. Mengine hatuyajui." Kuna waliosema pembeni kwamba mwalimu wa kula ameshindwa kula, na maneno hayo yalimfikia.

Tarehe 17 Agosti alitobolewa tumbo na kuwekewa mpira wa kupitishia chakula, na siku iliyofuata shemeji alifunga kibanda chake, akajifunza kuchemsha, kusaga, na kuchuja mara mbili kwa kitambaa, uji wenye maharage, yai na mafuta kidogo, anaupitisha taratibu kwa bomba la sindano kubwa, huku mke wake akimwongoza kwa kidole, juu, chini, subiri, na sauti ilipokauka akawa anamwandikia kwenye daftari. Alijipangia mlo wake mwenyewe kwa hesabu zile zile alizowapangia wengine, hesabu zilikuwa sahihi, tulizikagua na wenzake, na mwili haukuzifuata, kila Jumapili akijiandika kilo zake, hamsini na nane, hamsini na moja, arobaini na nne.

Jumapili moja ya Januari mwaka huu shemeji alimpandisha kwenye mizani akiwa amemshika kiuno, akatazama mshale wa mizani, akamwambia, "Mizani imeharibika." Marehemu, aliyetengeneza mizani maisha yake yote, aliomba daftari, akaandika, "Asante," na hakujipima tena.

Alifariki Jumapili tarehe 19 Februari 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, shemeji akiwa jikoni anachuja, na alipoingia na bakuli uji ulikuwa bado wa vuguvugu, akasimama nao mlangoni, akamuuliza muuguzi aliyekuwa amekuja kumsafisha kidonda cha mpira tumboni, "Sasa huu niupeleke wapi?" na muuguzi akaupokea.

Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja wa miezi mitano, ambaye ndiyo kwanza anakaribia kuanza kulishwa, na binti ametuomba tuseme kwamba alikuwa anamngoja mama yake amwonyeshe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama dada yao, majirani waliotuazima mashine ya kusagia pale yetu ilipoungua na hawakuiulizia hata siku moja, wafanyakazi wenzake waliokuja kwa zamu kumsomea majina ya wagonjwa waliomsalimu, na dereva, aliyepanda kilima hiki kwa magongo yake leo na kukataa kubebwa.

Chumba namba tisa bado kimefungwa na watu bado wanakaa ukumbini kukisubiri, wamekwishaambiwa, lakini wanakaa. Shemeji naye anasema kila alfajiri anajikuta ameshaosha kitambaa cha kuchujia na kukianika, na hatujui tumwambie nini, kwa hiyo tunamwacha akianike.

Lala, dada yetu, umechoka, upumzike kwa amani.