Bassou Ouichou na Barabara ya Tizi Ouzlagh

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bassou Ouichou, mtunza sampuli wa kambi yetu ya Tizi Ouzlagh, anastaafu tarehe 30 Juni. Kambi nayo inafungwa siku hiyohiyo.

Aliajiriwa kuongoza nyumbu wa mizigo wa wanajiolojia waliopanda milimani kutafuta zinki na risasi. Wakati huo kwake mawe yote yalikuwa mawe tu. Miaka mitano baadaye alikuwa akilipima jiwe kiganjani na kukisia kiasi cha risasi kilichomo, na mara nyingi maabara iliafikiana naye. Makasha elfu mbili ya sampuli aliyapanga kwa mikono yake, na ole wako urudishe jiwe mahali pasipo pake!

Kosa lake tunalijua sote. Kiangazi cha kwanza aliagizwa aweke alama kwenye sehemu za kuchoronga miamba, kisha ashuke bondeni kufuata vifaa. Akarundika mawe, akayapaka chokaa, akasahau kwamba kijijini kwao rundo jeupe maana yake malisho yamefungwa. Wachungaji wakatii, wakageuza mifugo. Aliporudi baada ya wiki tatu, kondoo walikuwa wamebaki mbavu. Mkwewe, Mzee Addi, alipanda hadi kambini kumfokea: "We Bassou, umetufungia nyasi kwa ajili ya mawe? Haya, wapikie kondoo hayo mawe wale!"

Sisi tulicheka miaka mingi. Bassou hakucheka. Kwa aibu aliwaahidi watu wake kwamba mgodi ukifunguliwa barabara itafika, na zahanati itafuata. Wakamwamini. Familia zilizokuwa tayari kuhamia mji wa Midelt zikafungua mizigo.

Barabara haikufika. Mwezi uliopita makao makuu yaliamua: mkanda wa madini ni mwembamba, haufai kuchimbwa. Barua ya uamuzi huo niliichapa mimi, na naona haya hadi leo. Bassou aliwasomea wanakijiji mwenyewe, mlangoni pa msikiti, baada ya sala ya Ijumaa. Bi Tuda, ambaye binti yake alifia juu ya nyumbu akipelekwa kujifungua, alimwuliza taratibu, "Mwanangu, si ulituambia tusubiri?"

Tulimtafutia Bassou chumba Midelt, karibu na hospitali. Amekataa. Anasema hawezi kuondoka akawaacha wale aliowazuia.

Asante, Bassou, kwa kazi safi ambayo haikuzaa kitu. Tunakuombea afya njema, maana huko unakobaki hakuna wa kukutibu.