Nani Atampigia Clell Banjo

Sogeeni, wajukuu, viti vije huku, na wewe unayetafuna, meza kwanza. Jumamosi moja, kule bonde la Sourwood, milimani Marekani, benchi la mbele ya duka la mbegu lilikuwa na wenyewe: Hakimu, ambaye mahakamani aliingia kama mshtakiwa tu, na Sindano, mwembamba, ulimi unachoma. Kahawa katikati. Akaja Orpha na banjo ya marehemu mumewe, Clell, kaka yake Hakimu. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kupamba makaburi, siku ya kuwapelekea wafu maua na nyimbo, na tangu azikwe, Clell alikuwa hajapigiwa hata wimbo mmoja. Jambo hilo lilikuwa likimnyima Orpha usingizi.

— Nataka wa kumpigia Clell kesho. Atakayepiga, banjo yake.

— Kaa, shemeji, akasema Hakimu. Kwanza tuelewane huo muziki wa kantri wa Clell ni nini. Ni fidla. Babu zetu walivuka bahari nayo kutoka Uskoti.

— Na banjo nayo ya Uskoti? akadakia Sindano. Hiyo ya Waafrika, bwana. Walioletwa kwa minyororo ndio walioijua.

— Haya, changanya vyote, tia na nyimbo za kanisani.

— Na vilio vya walevi.

— Si ndio walewale wa kanisani?

Orpha akacheka, ingawa hakuja kucheka.

— Na ile sauti ya kuimbia puani? akauliza Sindano.

— Milima hiyo. Ng'ombe yuko ng'ambo ya bonde, wewe umwite kwa kunong'ona?

— Uongo. Treni ilipita ikalia, mbwa wetu akaitikia, marehemu baba akatia maneno. Kantri yote imetoka kwa yule mbwa.

— Mbwa wenu alikuwa kiziwi.

— Ndiyo maana ina huzuni.

Dukani akatoka Luvenia, aliyehamia kilimani juzijuzi, na gunia la chakula cha kuku begani. Akalitua, akaitazama banjo.

— Samahanini, wazee. Kati yenu nani anajua kuipiga?

Hakimu akachungulia kikombe chake. Sindano akatikisa birika, tupu.

Orpha akaipakata banjo, akakaza uzi mmoja.

— Basi nitampigia mwenyewe.

— Wewe, shemeji? Tangu lini?

— Kwani mlidhani Clell alifundishwa na nani?

Kesho yake akampigia pale kaburini, mpaka watu wakasahau maua mikononi. Orpha alipofariki, banjo ilimwendea Luvenia, aliyekuwa akishinda jikoni kwa Orpha akijifunza kuipiga. Hakimu aliachiwa kofia ya Clell, inamziba macho. Sindano akapata viatu vyake. Vinambana, na anavivaa hivyohivyo.