Beki Aliyebaki Nyuma

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wenzangu hamjambo. Bwana asifiwe. Basi inatosha, makofi yawekeni kwanza. Mchungaji amenikaribisha kama kawaida yake, "beki wetu wa Italia", na naona wengine mmeshaanza kutabasamu kwa sababu kisa changu mnakijua. Nimewasimulia mara tatu katika ukumbi huu huu. Leo nimeomba nafasi nikisimulie mara ya nne, kwa sababu zile tatu nilikuwa nawadanganya.

Mama mdogo, nakuona pale karibu na birika la chai. Usiondoke, tafadhali.

Kwa wageni ambao ndiyo mara yao ya kwanza kufika hapa Weston, mtaa wetu huu wa Toronto, niseme mimi ni nani. Nimezaliwa Malindi. Babangu Mwitaliano, alikuwa na mkahawa wa pizza, na mamangu Mgiriama. Kwa hiyo paspoti yangu ni ya Italia, lakini nikijigonga kidole, nalia kwa Kigiriama. Nilipofika miaka kumi na saba babangu alinipeleka kwao kufanya majaribio ya mpira. Nilikuwa mrefu, mipira ya juu yote yangu, na kujiamini kulikuwa kumepita kiasi. Timu kubwa ikanikataa. Timu ndogo ya daraja la nne ikanichukua, beki wa kati.

Aliyenipokea pale ni beki wa kushoto. Jina lake silitaji. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, mkubwa kuliko sote katika timu, baba wa watoto wawili. Sikuwa na gari, akawa ananipitia kila siku ya mazoezi na kigari chake. Mkewe alinifungia chakula, kisa eti nimekonda. Kiitaliano changu kilikuwa cha mkahawani, naweza kukuuzia pizza lakini uwanjani sielewi kitu, na yeye ndiye aliyenifundisha neno baada ya neno. Ndiye pia aliyenifundisha kupanda.

Akina mama msiojali mpira, nivumilieni kidogo hapa. Mabeki wanne husimama mstari mmoja. Mmoja wao akiita "Juu!", wote wanapiga hatua mbele kwa pamoja, na mshambuliaji wa wapinzani anabaki nyuma yao peke yake. Ameotea. Hata akifunga, bao halihesabiwi. Lakini beki mmoja akisita, mtego wote umeharibika. Katika timu yetu mwenye kuita nilikuwa mimi, kijana wa miaka kumi na tisa.

Siku ya mechi ninayowasimulia, kocha alininong'oneza kwamba jukwaani kuna mtu wa timu ya daraja la tatu, amekuja kuniangalia. Kule daraja la tatu ndiko mpira wa kulipwa unakoanzia. Nilicheza vizuri, sijisifu, nilicheza vizuri sana. Dakika za mwisho tuko sare, moja kwa moja. Mpira ukapigwa mrefu. Wapinzani walikuwa na mshambuliaji mwenye mbio za ajabu, na mimi nilikuwa nimeshamwogopa tangu kipindi cha kwanza. Nikaita "Juu!" kwa sauti yangu yote. Wenzangu watatu wakapanda. Mimi nikabaki.

Hatua moja tu. Halafu nikanyoosha mkono kudai kibendera cha mwamuzi wa pembeni, vile mabeki wote hufanya, na uso nimeukunja kama mtu aliyedhulumiwa. Kibendera hakikupanda. Jamaa akafunga, na mechi ikaishia pale.

Tulipoingia chumba cha kubadilishia nguo, kocha akauliza swali moja. "Nani amebaki nyuma?"

Nikafikiria yule mtu wa jukwaani. Mkono ule ule niliodaia kibendera ukanyanyuka tena, nikamwonyesha beki wa kushoto. "Ni yeye."

Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa nimepanga. Lakini mkono nilikuwa na muda wa kuushusha, na sikuushusha. Yule bwana aliniangalia, kisha akainama akaanza kufungua kamba za viatu. Kocha akamfokea mbele ya vijana, maneno ambayo siwezi kuyarudia kanisani.

Hakupangwa tena wiki ile, wala iliyofuata. Msimu ulipokwisha timu haikumpa mkataba mwingine. Kocha alisema umri umemfanya aanze kuchelewa. Mimi nikasaini daraja la tatu, babangu akawapigia simu Malindi nzima.

Nilidumu misimu miwili. Nawaambia ukweli, kila nilipotakiwa kuita "Juu!" sauti ilikataa kutoka. Nikawa beki wa kurudi nyuma tu. Wakaniweka benchi, kisha jukwaani, kisha wakaniaga kwa adabu. Nikarudi nyumbani, nikajifungia chumbani hadi mama mdogo aliponiita huku Toronto.

Mlinipokea vizuri, Mungu awabariki. Mliniuliza habari za mpira, na mimi nikawapa kisa. Mnakumbuka nilivyowaambia? "Kulikuwa na mzee mmoja mzembe, hata kukimbia hawezi, ametufungisha bao." Nikamwigiza hapa mbele, anavyochechemea. Mlicheka mpaka mtu akamwaga chai. Watoto wenu, wale mnaowaongelesha Kiswahili wakawajibu Kiingereza, hata wao walicheka. Silaumu mtu. Mlicheka kwa kile nilichowapa, na nilikitoa kwa mtu aliyenilisha.

Mwezi uliopita, kwenye kifungua kinywa cha akina baba, ndugu mmoja hapa aliitafuta ile mechi mtandaoni. Nia yake ilikuwa kunifurahisha. Kumbe kuna shabiki wa timu ya wapinzani aliirekodi kwa simu. Akaiweka kwenye skrini kubwa. Nilikuwa na hamri mkononi, lile andazi la nazi, nikalirudisha kwenye sahani. Nyinyi mkanishangilia, mkaufuata mpira, bao likaingia, mkasema pole. Hakuna aliyeona kitu.

Mama mdogo aliona. Alikuwa anagawa chai. Tulipokuwa garini akaniambia taratibu, "Mwanangu, wale watatu walikwenda mbele. Yule aliyebaki, mwenye mkono juu, si wewe?"

Nilisahau kwamba miaka yote hii amesimama kwenye baridi za uwanja kule Agincourt akitazama binti zake wakicheza. Kuotea anakujua vizuri sana. Na mimi nikamjibu, "Mama, mpira huujui, tuachie wenyewe." Nilimwambia hivyo mwanamke aliyeninunulia koti langu la kwanza la baridi. Alitazama dirishani mpaka nyumbani. Nilikuwa nimewahi kuona kimya kama kile, cha beki wa kushoto akifungua viatu, na niliona haya.

Kesho yake, baada ya ibada, nilimpigia beki wa kushoto. Namba yake ni ile ile. Siku hizi ni fundi wa vigae. Nilipojitaja akacheka, akauliza kama bado nimekonda. Nikamwambia, "Siku ile aliyebaki nyuma ni mimi."

"Najua," akasema. "Beki wa pembeni huutazama mstari. Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa kijana. Nilijua utasema mwenyewe. Jumanne nilikupitia kama kawaida, nikazima redio ya gari ili upate nafasi. Jumatano nikaizima tena. Nikaendelea hivyo mpaka msimu ukaisha."

Ndugu zangu, ile redio naikumbuka. Nilidhani imeharibika.

Nililia kwenye simu, sifichi. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimekusikia. Nipe muda." Kisha akauliza, "Na huko uliko, umewaambia watu nini kunihusu?" Nikamweleza yote, mpaka kuchechemea. Halafu akasema, "Basi nenda ukawaambie tena."

Ndiyo maana nimesimama hapa. Mama mdogo, nisamehe kwa maneno ya garini, na asante kwa kuniuliza. Ndugu uliyeitafuta ile video, asante, hukujua ulichonifanyia. Mchungaji, asante kwa dakika hizi, na Jumapili ijayo nikaribishe kwa jina langu tu. Na yule bwana wa vigae, ambaye hatanisikia leo, nimeanza kulala vizuri tangu nilipomwambia, lakini aibu bado ninayo na sitaki iishe haraka. Funzo langu ni dogo: mtu uliyemkosea akikunyamazia, usijifariji kwamba hajui. Huenda amekuzimia redio, anakusubiri.

Yeye alipanda siku ile. Alipanda pale pale nilipoita, kwa wakati wake, na hakuwa mzembe hata siku moja. Hilo mwende nalo nyumbani, na watoto waambieni.

Kocha aliuliza swali, na miaka minane hajapata jibu la kweli. Naomba nilijibu mbele yenu, mkono juu, muuone vizuri. Nani amebaki nyuma?

Ni mimi.