Rimu Nne za Yakani na Balbu ya Fundi Nasuru

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 1997, Fundi Nasuru Lado anastaafu baada ya kuitumikia Karakana yetu ya Ushirika hapa Arua kwa miaka kumi na minane na miezi tisa. Faili lake ofisini linasema miaka kumi na miwili na ushei. Tofauti ni ile miaka sita ya ukimbizini Zaire, ambayo yeye anaihesabu kwa hoja kwamba hakuiacha kazi, kazi ndiyo iliyomkimbia. Mimi Norah Driciru, mtunza stoo, nimepewa jukumu la kuandika wasifu huu, nami nimemwachia miaka yake yote. Nina la kumwomba radhi, kwa hiyo si siku ya kubishana.

Fundi Nasuru ni mtoto wa askari, mzaliwa wa Koboko. Alianza kazi Februari 1979, miezi michache kabla vita havijatufikia, akiwa fundi wa breki na magurudumu. Katika nchi ya Land Rover na malori ya tumbaku, yeye alipenda magari ya michezo, yale ya milango miwili ambayo hayabebi hata gunia la muhogo. Kwa miaka yote hiyo yalipita manne tu katika karakana hii, na anayakumbuka kwa namba.

Jambo alilolijua kuliko wote ni ngozi ya rimu. Rimu za aluminiamu za magari yale ya zamani hazikupakwa rangi. Kiwandani zilitiwa ndani ya asidi na umeme, mpaka chuma chenyewe kikaota ngozi ngumu ya kijivu, isiyong'aa sana. Wataalamu huiita anodaizi. Fundi Nasuru husema rangi hupakwa na mtu yeyote, lakini ngozi huoteshwa. Na kwa kuwa ngozi hiyo haipitishi umeme, alitengeneza kipimo chake: betri, balbu ndogo ya indiketa na nyaya mbili. Kwanza hupangusa rimu kwa thina, iwapo kuna mjanja aliyepaka vanishi. Kisha hugusisha nyaya. Balbu ikiwaka, ngozi haipo. Isipowaka, ngozi ipo.

Tatizo ni kwamba hakuishia kwenye rimu. Alipima birika la ofisi. Alipima kijiko cha mhasibu. Mwaka 1989 alikwenda Onduparaka kutazama fainali ya mitaa, akaliwekea nyaya kombe kabla ya mechi, na mashabiki wakaamini analiroga. Aliondolewa uwanjani akiwa amebebwa, betri ikifuata nyuma. Ndipo alipopata jina la Lete Balbu. Mtu asiyeamini chochote mpaka kiwake au kisiwake, na mimi sikumwamini yeye.

Nilipoajiriwa mwaka 1988, niliambiwa mambo mawili siku ya kwanza: choo kiko nyuma, na yule mzee pale ndiye aliyekula rimu za Yakani. Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Yakani, mfanyabiashara wa Koboko, alikuwa na gari jekundu la michezo. Vita vilipokaribia, gari lenye magurudumu lilikuwa gari la askari atakayepita wa kwanza, kwa hiyo watu waliyaweka magari juu ya mawe na kuyaficha magurudumu. Yakani alimkabidhi Fundi Nasuru rimu zake nne. Kisha wote wakakimbia. Yakani alifia Zaire mwaka 1984. Mjane wake, Mama Hawah, aliporudi Koboko alilikuta gari juu ya mawe yake, ukuta wa banda umeliangukia, na rimu hazipo. Fundi Nasuru alisema alizipeleka Adumi kwa shangazi yake Madina, akamwambia ni amana. Madina naye alikuwa amekimbia na kufa huko huko Zaire. Hadithi ambayo shahidi wake pekee ni marehemu, mtunza stoo gani ataiamini?

Mimi sikuiamini. Akija kuchukua asidi ya betri, nilisimama mlangoni mpaka aondoke. Akisifiwa, nilikohoa. Mama Hawah kwa upande wake hakupiga kelele. Alikuja kila mwaka kutoka Koboko, akaketi kwenye benchi letu saa nzima, akamwangalia akifanya kazi, kisha akaondoka. Alitaka kitu kimoja tu, gari la marehemu lisimame kwa miguu yake. Karakana nzima iliinamisha vichwa siku hizo, na Fundi Nasuru alikunywa chai yake peke yake.

Agosti 1991 mfanyabiashara mmoja aitwaye Laku alileta rimu nne kwa pikapu. Zilikuwa za muundo ule ule wa zile za Yakani, zenye spoki tano pana tunazoziita majani, na ziling'aa kama sufuria za harusi. Alisema ni mpya kabisa, zimetoka kiwandani kupitia Kinshasa. Mama Hawah aliitwa kutoka Koboko. Meneja alitangaza mbele yetu kwamba Fundi Nasuru atapima: zikiwa ndizo rimu za marehemu, maneno yataisha. Zikiwa sizo, Mama Hawah atapeleka kesi yake kwa wazee wa msikiti, na karakana haitamtetea mtu tena.

Sote tulijua atakachosema. Mtu anayezama akitupiwa kamba huishika. Alichotakiwa kufanya ni kusema ndizo.

Alipangusa kwa thina. Hakuna vanishi. Akagusisha nyaya kwenye jani la kwanza, balbu ikawaka. La pili, ikawaka. Rimu zote nne, ikawaka. Akazima, akamgeukia Mama Hawah.

"Mama, hii hapana yenyewe," alisema. "Ya marehemu ilikuwa na ngozi. Hii iko uchi. Mimi hapana weza danganya wewe."

Mama Hawah aliinuka kuondoka. Nitasema wazi nilichokiwaza wakati huo, kwa sababu nimekibeba miaka sita. Sikuwaza kwamba mtu huyu amejitia kitanzi kwa sababu hawezi kusema uongo. Niliwaza kwamba anazikana kwa kuwa ni yeye aliyemuuzia Laku, na anaogopa njia itafuatwa hadi mlangoni kwake. Basi nikainama kutafuta ushahidi wa kumfunga, alama yoyote, namba yoyote.

Nilichokiona nilikifahamu tangu utoto. Uso wa rimu ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, mviringo juu ya mviringo. Kiwanda hakifanyi hivyo. Hivyo ndivyo mama yangu, kule kwetu Manibe, alivyotufundisha kusugua sufuria: majivu, mchanga laini na kitambaa cha gunia, kutoka kati kwenda nje. Na kwetu chombo cha watu hakirudi kichafu. Ukiazima sufuria nyeusi, unairudisha inang'aa, na ukikaa nayo mwaka, unaisugua mwaka.

Nikasikia sauti yangu kabla sijaamua kusema. "Fundi, hii ni mukono ya mama. Pima kwenye pembe, mahali kidole hapana ingia."

Alinitazama kwa shaka, kama ilivyo haki yake. Kisha akachukua kijiti cha kiberiti, akakwangua uchafu kwenye pembe nyembamba nyuma ya tundu la bolti. Chini yake palikuwa na kijivu. Akagusisha nyaya kwa uangalifu, asikwaruze. Balbu haikuwaka. Akajaribu pembe ya pili, ya tatu, kisha rimu ya pili. Haikuwaka popote.

Laku alianza kutokwa na jasho, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema kweli. Kinshasa hakuwahi kufika. Rimu alizinunua Ariwara, ng'ambo tu ya mpaka, katika nyumba aliyokaa mkimbizi mmoja, bibi kizee kutoka Adumi. Wenye nyumba walimsimulia kwamba bibi yule alivuka nazo mpaka moja moja kichwani, safari nne. Aliweka mitungi ya maji juu yake, na kila Ijumaa aliishusha mitungi akazisugua kwa majivu, akisema ni amana ya mutu, siku akija azikute safi. Laku aliyaficha hayo kwa kuogopa zisije zikaitwa mali ya wizi.

Kwa hiyo Madina, kwa uaminifu wake mwenyewe, alikuwa ameisugua ngozi yote mpaka ikaisha, na karibu ausugue na ushahidi wa mpwa wake. Fundi Nasuru aliketi chini sakafuni na kujifuta macho kwa kitambaa alichokuwa nacho mkononi. Kilikuwa kile cha thina. Mpaka leo anadai machozi yale yalikuwa ya thina, na mimi sikupima.

Laku na Mama Hawah walielewana, na rimu zikabaki kwetu zioteshwe ngozi upya. Fundi Nasuru alichimba shimo kivulini nyuma ya karakana, akaweka pipa la plastiki lenye maji na asidi ya betri, mabamba ya madini ya risasi, yale ya ndani ya betri kuukuu, pembeni, na rimu katikati ikiwa imefungwa kwenye upande chanya wa betri. Rimu ya kwanza aliitia mchana wa jua kali, ikatoka na mabaka kama ndui. Akaivua ngozi ile kwa soda ya kutengenezea sabuni, akaanza tena alfajiri, maji yakiwa baridi. Baada ya saa moja aliichemsha ndani ya pipa la maji safi ili ngozi ijifunge. Safari hii ilitoka kijivu kimoja kilichotulia, na balbu haikuwaka mahali popote. Ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu.

Mama Hawah alipoiona ya nne ikisubiri zamu yake, aliweka mkono juu yake. "Hii moja wacha," alisema. "Hii kazi ya Madina."

Fundi Nasuru, ambaye hajawahi kuruhusu hata skrubu isiyo ya asili, hakubisha. Gari jekundu la Yakani, lililokuwa limeletwa kwetu kwa lori na kunyooshwa, liliondoka Arua kwenda Koboko likiwa na rimu tatu za kijivu na moja inayong'aa, Mama Hawah akiwa ameketi mbele. Na kuanzia wiki ile nilianza kumpelekea Fundi chai, bila kueleza kwa nini. Aliinusa kwanza kila siku, kwa mwaka mzima, kabla hajainywa.

Fundi Nasuru, karakana inakushukuru kwa mikono yako na kwa shaka yako, ambayo iliokoa breki nyingi na roho nyingi zaidi. Zawadi yako leo ni sufuria kubwa ya aluminiamu. Najua utaipima, kwa hiyo nakuambia mapema kwamba balbu itawaka kila mahali. Nimeisugua mwenyewe kwa majivu, kutoka kati kwenda nje, na ndani nimetia sukari kilo mbili, kwa sababu chombo cha watu hakirudi kitupu.

Jina lako lilikuwa amana mikononi mwetu, nasi tulilitunza vibaya kuliko Madina alivyotunza rimu. Leo tunakurudishia likiwa safi. Nenda nalo Koboko, mzee wetu, ukae kwa amani, na chai yako huko uinywe bila kuinusa.